Kamera Iliyotiwa Kwenye Beseni

Mzee Mwinshehe aliziweka kamera zote mbili juu ya kaunta, akazifuta vumbi kwa upindo wa shati, kisha akasema maneno ambayo Shamimu alikuwa akiyaogopa tangu mfungo.

"Macho ndiyo hayo tena, mjukuu wangu. Juzi nimempiga mtu picha ya pasipoti nikamkata nusu ya kichwa. Mwisho wa mwezi narudi kwetu Kisarawe. Chumba hiki cha picha nakuachia wewe. Kamera moja yako, moja ya Twaha. Wewe ndiye uliyetangulia kufika hapa, kwa hiyo wewe utachagua kwanza. Jumatatu nipe jibu. Na nikishatoa nimetoa, sitaki kusikia mtu analia."

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Nje, upande wa gereji za Chang'ombe, nyundo zilikuwa zimeshaanza kugonga mabati ya magari. Shamimu alisimama nyuma ya kaunta, mikono ameificha ndani ya mtandio, akizitazama.

Kubwa ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali, lenzi yake imechomoza mbele kama chupa ya chai. Lenzi hiyo ilitoka na kuwekwa nyingine. Ukiibonyeza ililia kla! hata mpita njia akageuza shingo. Mtaa mzima waliiita Mzinga.

Ndogo ililetwa na mpwa wa mzee kutoka Maskati. Ilienea kiganjani. Lenzi yake haikubadilishwa, uliyopewa ndiyo hiyo hiyo, lakini gizani iliona kuliko paka, na ukiizima sauti ilipiga bila kusema chochote. Tena ilikuwa na waifai: ukitaka, picha ilijirusha yenyewe kwenye simu. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kizungu. Shamimu aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua akalala kitandani, kwa hiyo hakuyasoma maandishi yale. Aliyahesabu. Chini mara tatu, kulia mara moja, sauti inazima. Chini mara tano, kulia mara mbili, waifai inazima. Kwa miaka miwili hakuwahi kukosea hesabu yake.

Twaha alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kupigia picha za pasipoti, anajitazama kwenye kioo cha kuchania nywele. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga harusi za ukumbini, mwenye maneno kama redio.

"Sista, hapo hakuna ishu ya kuwaza," alisema. "Huo Mzinga utaking'oa hicho kibega chako. Wewe chukua hako kadogo. Kamekaa kimyakimya kama wewe."

Mzee alicheka kidogo. Shamimu naye alicheka, maana alikuwa hajui kufanya kingine, lakini neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki.

Alikumbuka Tabata. Mwezi uliopita alitumwa huko na ile kamera ndogo, sherehe ya mtoto kutimiza mwaka. Alipofika tu, mama mwenye shughuli akamkabidhi sinia la soda agawe. Akagawa. Baadaye mama yule akasimama katikati ya watu akauliza kwa sauti, "Jamani, huyu mpiga picha anafika saa ngapi?" Shamimu alikuwa pembeni yake, kamera mkononi, na bado ilimchukua dakika nzima kusema, "Ni mie." Watu walivyocheka siku ile, mpaka leo akilala anawasikia.

Kwa hiyo, kabla hata Twaha hajashuka kwenye kigoda, Shamimu alikuwa ameshaamua moyoni. Angechukua Mzinga. Mwenye Mzinga haulizwi anafika saa ngapi.

*

Saa nne aliingia mama mmoja mrefu, kanga mbili, viganja vimekolea hina. Aliitwa Mwanakombo, nyumba yake haikuwa mbali na kiwanda cha zamani cha magodoro.

"Shikamoo, mama," Shamimu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa pana binti anapiga picha. Ni wewe?" Hakungoja jibu. "Mwanangu Najat anaolewa, tunamsinga Ijumaa alasiri. Ndani hawaingii wanaume, na simu haziingii. Zote zinakusanywa mlangoni. Mwaka jana mtoto wa dada yangu walimpiga picha akiwa na singo mwilini, mabega wazi, kabla hajakauka zilikuwa zimeshafika kwenye magrupu. Mpaka leo mtoto yule hatoki nje mchana. Kwa hiyo sitaki mchezo."

"Sawa, mama."

"Mie nataka picha moja tu. Kwetu mama wa mwali hakai ndani wakati wa kusinga. Anaitwa mwisho, nyimbo ya kumtoa mwali ikiimbwa mara ya tatu, anaingia, anamwekea mwanawe mkono kichwani, anatoka. Basi. Jumatatu ijayo mumewe anampeleka Maskati, sijui nitamtia machoni lini. Dada yake alipoolewa mpiga picha alileta mwanga kama radi, kwenye kila picha mtoto amefumba macho. Huyu nataka anitazame. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Ukiikosa hiyo, hakuna ya pili. Siwezi kumwambia mtoto tumsinge tena."

Alipotoka, mzee akageuza macho yake yenye ukungu kumtafuta Shamimu. "Beba zote mbili," alisema. "Ukirudi utakuwa umeshajua ipi ni yako."

Twaha alimfuata Shamimu mpaka kibarazani. "Sista, sikiliza. Ukimaliza, nirushie mbili tatu za huko ndani. Nitaficha sura. Nataka watu waone tunaingia kila mahali. Ndogo si inarusha yenyewe?"

Shamimu alitazama viatu vyake. Twaha alidhani kunyamaza ni kukubali, akaondoka anapiga mluzi.

*

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, kibaraza cha Mwanakombo kilikuwa kimejaa viatu vya kike. Mlangoni, juu ya kigoda, alikaa dada yake, Mwanabaraka, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha. Miguuni pake palikuwa na beseni la bluu lililofunikwa kanga, na ndani yake simu zimelala kama dagaa.

"Simu!" Mwanabaraka alisema, akimchungulia kila anayepita.

Shamimu akatoa simu yake. Mwanabaraka akautia mkono kwenye mkoba wa Shamimu bila hodi, akaibuka na kamera ndogo.

"Na hii?"

"Hiyo si..." Shamimu alianza.

"Simu za siku hizi zimekuja na madude! Tia humo." Ikaingia kwenye beseni, likafunikwa tena kanga. Kisha macho ya Mwanabaraka yakatua kwenye Mzinga uliokuwa ukining'inia shingoni kwa Shamimu, na uso wote ukabadilika. "Kumbe mpiga picha! Jamani mpisheni, mpiga picha huyo anapita!"

Wanawake wakajibana ukutani. Mwingine akamshika bega, akampitisha. Shamimu hakuwahi kupishwa namna ile maisha yake yote. Kifua kilimjaa. Alipaswa kugeuka aseme ile ndogo ni kamera, lakini ya nini kugombana na dada wa mwenye shughuli, na Mzinga anao shingoni? Akaenda zake.

Chumba kilikuwa kidogo. Kitanda kilikuwa kimetolewa, madirisha yamezibwa kwa kanga, na taa iliyowaka ilikuwa moja, ya njano, kama inayoona haya. Wanawake thelathini na zaidi walikaa kwenye mikeka, goti kwa goti, katikati yao Najat amefunikwa leso kichwani, mabega yanang'aa kwa singo ya liwa na karafuu. Somo wake, aliyemfunda, Bi Zuena, alikuwa akimsugua taratibu, huku akiongoza nyimbo. Moshi wa udi ulizunguka juu ya vichwa.

Shamimu aliinua Mzinga jichoni. Aliona sikio. Akarudi nyuma, akaona sikio na nusu ya shavu. Akarudi tena, mgongo ukagonga kabati. Hapakuwa na pa kurudi. Lenzi ile ilitaka nafasi, na nafasi yote ilikuwa imekaliwa na wanawake.

"Mwanangu, utanikanyaga!"

"Samahani, bibi."

Akapiga moja. Kla! Nyimbo ikayumba. Vichwa vikageuka. Akatazama kwenye kioo cha nyuma, giza tupu. Jasho likaanza kumtoka chini ya mtandio. Kwa haraka akazungusha kitufe cha juu, akaiachia kamera ijifanyie yenyewe, akainama, akabonyeza.

Alikuwa amesahau kwamba Mzinga ukiachiwa ujifanyie wenyewe kwenye giza, unafungua flashi.

Mwanga ulipasua chumba. Najat alishtuka, akainua mikono usoni, na mikono ile ilikuwa imejaa singo. Ikamwingia machoni.

"Yalaa! Macho yangu!"

Chumba kizima kilipiga kelele. Mmoja alikimbilia maji, mwingine akavuta leso kumfunika mwali mabega. Bi Zuena alisimama, mikono imechafuka mpaka viwikoni.

"Nani kapiga radi humu ndani?"

Macho yote yaliugeukia Mzinga.

"Dubwana hilo litoke," Bi Zuena alisema, taratibu, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Mwali wangu simpigishi radi. Toka nalo."

Wakajibana tena ukutani kumpisha. Safari hii hakuna aliyemshika bega.

*

Kwenye ujia, Mwanakombo alikuwa amesimama peke yake, amevaa kanga mpya, anangoja kuitwa. Alipomwona Shamimu, mkono ulimwenda kifuani.

"Mbona uko nje?"

"Nimetolewa, mama."

"Na picha yangu?"

Ndani, nyimbo ilianza upya. Bi Zuena alikuwa amemsafisha mwali macho, akaamua kumaliza shughuli mapema. Ilikuwa nyimbo ya kutoa. Mara ya kwanza.

Shamimu aligeuka akatazama mlangoni. Mwanabaraka bado alikaa pale pale, mguu mmoja ameuweka ukingoni mwa beseni. Hatua saba. Angeweza kuendelea na safari yake mpaka barabarani, mpaka kwao Temeke, na Jumatatu Mzee Mwinshehe angegawa alivyotaka. Pengine zote angempa Twaha, na yeye angerudi kufua nguo za watu kama zamani.

Akatembea zile hatua saba.

"Mama mkubwa. Naomba ile ndogo. Si simu. Ni kamera."

"Hee! Mie nimezaliwa jana?"

"Wallahi ni kamera. Nilitaka kukwambia pale, nikashindwa."

"Kitu kikishaingia kwenye beseni hili hakitoki mpaka mwali ainuke. Nimemkatalia mke wa shehe, nije nikukubalie wewe uliyetutia mtoto upofu?" Alifunua kanga, akaitoa ile kamera, akaigeuzageuza. "Haya niambie. Inarusha?"

Shamimu alijua angeweza kusema hapana. Mwanabaraka asingejua. Hakuna ambaye angejua. Nyimbo ndani ilifika mwisho, ikaanza tena. Mara ya pili.

"Inarusha," alisema.

Mwanakombo alivuta pumzi. Mwanabaraka aliirudisha kamera kwenye beseni kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Umesikia, dada? Umesikia kwa masikio yako? Mwanangu walimmaliza na kitu kama hiki hiki!"

"Nikizima waifai hairushi!" Sauti ya Shamimu ilitoka kubwa mpaka yeye mwenyewe akashtuka. Nyimbo ilififia, wanawake wawili wakachungulia, na nyuma yao akatokea Bi Zuena, bado ana liwa mikononi.

"Kuna nini tena?"

Shamimu alipiga magoti mbele ya beseni, akaitoa kamera. "Bibi, hii haina radi wala kelele. Inarusha kwenye simu yangu, na simu yangu imo humu. Tazameni." Aliinua kamera ili wote waone kioo chake. "Hii alama ya mawimbi hapa juu, ikiwepo, inarusha." Akabonyeza, midomo ikihesabu kwa sauti. "Chini moja, mbili, tatu, nne, tano. Kulia moja, mbili. Imeondoka. Simu yangu izimeni, bibi ukae nayo. Na memori hii hapa, tukimaliza tu naitoa nakupa wewe. Siendi nayo hata hapo barazani. Mkitaka kuziona picha mtakuja studio wenyewe."

Bi Zuena aliinamisha uso karibu na kioo. Hakuvaa miwani. Shamimu hakujua kama ameona alama au ameona wingu.

"Kwa nini hukusema hapana alipokuuliza?"

"Kwa sababu inarusha, bibi."

Somo alimtazama kidogo. "Mwanabaraka, mwache aingie nayo. Na simu yake nipe mie." Akaizima, akaichomeka kiunoni, ndani ya fundo la kanga. "Akirusha, yeye mwenyewe tunamtia kwenye beseni."

Mtu mmoja alicheka. Mwanabaraka hakucheka, ila aliuondoa mguu kwenye beseni.

*

Safari hii Shamimu hakusimama. Mzinga aliuacha ujiani, akaingia akakaa kwenye mkeka pamoja na wengine, goti kwa goti, mbele kabisa, dhiraa moja kutoka kwa Najat. Kamera aliiweka mapajani, akakiinua kioo chake kitazame juu. Akainamisha kichwa kama mtu anayetazama vidole vyake. Bibi aliye kulia kwake aliendelea kupiga makofi. Wa kushoto akamuegemea. Hakuna aliyemkumbuka.

Najat aliingia mzima kwenye kioo, mabega, leso, macho mekundu yaliyosafishwa.

Nyimbo ilianza mara ya tatu. Mlango ukafunguka, Mwanakombo akaingia. Hakutazama kulia wala kushoto. Alipiga magoti, akaweka mkono kichwani kwa mwanawe, na Najat akainua uso akamtazama.

Shamimu akabonyeza.

Hakusikia kitu. Ndivyo alivyotaka, asisikie kitu, lakini sasa ukimya ule ulimtisha. Je, alibonyeza mpaka chini au alibonyeza nusu? Akabonyeza tena, na tena, na tena, bila kujua anapiga nini. Mwanakombo akaondoa mkono, akasimama, akatoka. Yote yalichukua muda wa kumeza mate mara mbili.

Vigelegele vikapanda. Shamimu akainua kidole kutafuta kitufe cha kuangalia, na kiganja cha Bi Zuena kikafunguka mbele ya uso wake.

"Lete."

"Bibi, naomba niangalie tu kama..."

"Umesema tukimaliza. Tumemaliza."

Shamimu akaitoa memori, kitu kidogo kama ukucha. Bi Zuena aliifunga kwenye pindo la kanga yake mafundo mawili, akamrudishia simu.

*

Jumamosi Shamimu hakula. Jumapili alikula, hakusikia ladha. Jumatatu asubuhi aliziweka kamera mbili juu ya kaunta kama zilivyokuwa Jumatano, akangoja. Twaha alifika mapema, nywele zimechongwa upya.

"Sista, mbona hukunirushia?"

"Sikuwa nazo."

"Zilikuwa wapi?"

"Kwenye kanga ya Bi Zuena. Na hata ningekuwa nazo, Twaha, nisingekurushia."

Twaha aligeuka kumtazama. Hakuwahi kumsikia akisema sentensi mbili kwa mpigo.

Wanawake walifika saa tatu, Mwanakombo mbele, macho yamevimba, maana ndege ya mwanawe ilikuwa ya mchana. Nyuma yake alikuja Bi Zuena, na kanga aliyovaa ilikuwa nyingine. Kanga ile ya Ijumaa imefuliwa, Shamimu aliwaza. Imeanikwa. Memori imekwenda na maji ya sabuni.

Bi Zuena alifungua mkoba, akaitoa kanga ya Ijumaa, imekunjwa, bado inanuka karafuu. "Siku tatu sijaifua kwa ajili yako," alisema, akaanza kufungua mafundo kwa meno. "Wewe kijana, nje. Na wewe Mwinshehe, geuka."

Twaha akatoka. Mzee Mwinshehe akageuza kiti chake kikatazama ukuta, akakaa mikono magotini kama mtoto aliyeadhibiwa. "Hata mkinionyesha sioni," alinung'unika.

"Geuka hivyo hivyo."

Shamimu aliitia memori kwenye kompyuta. Ya kwanza, vidole vyake mwenyewe. Ya pili, mkeka. Ya tatu, ukungu mtupu. Mwanakombo alikuwa amesimama nyuma yake, na Shamimu alisikia pumzi zake zikifupika kila picha ilipopita.

Ya nne.

Mkono wenye hina juu ya leso. Uso wa Najat umeinuliwa, macho mawili wazi, mekundu, yanamtazama mama yake kama hakuna mtu mwingine duniani. Mwanga wa ile taa moja ya njano ulikuwa umewaangukia wote wawili.

Mwanakombo alivuta ncha ya kanga akaifunika midomo yake.

"Jamani, mbona kimya?" mzee aliuliza, uso ukutani. "Zimeungua?"

"Nyamaza, Mwinshehe. Hukuulizwa," Bi Zuena alisema, lakini sauti yake ilikuwa na maji.

Mwanakombo akasafishiwa picha ile moja, kubwa, na nakala ndogo ya kumpelekea mwali kabla hajapanda ndege. Nyingine zote Bi Zuena alisimamia zikifutwa, moja baada ya moja, kisha akachukua memori akaifunga tena.

Mzee akageuza kiti. "Haya, mjukuu wangu. Mie sikuziona wala sitaziona. Niambie wewe. Ipi?"

Shamimu aliutazama Mzinga. Bado aliupenda. Alikumbuka wanawake walivyojibana ukutani kumpisha, na alijua kwa ile ndogo watu wataendelea kumpa masinia ya soda agawe. Akaunyanyua kwa mikono miwili, akaenda nao mpaka kibarazani, akamvisha Twaha shingoni.

"Huu wako," alisema. "Ukumbini una nafasi ya kurudi nyuma."

Aliporudi ndani, Bi Zuena alikuwa mlangoni anajifunga kanga kuondoka.

"Alhamisi ijayo nina mwali mwingine, Tabata," alisema. "Uje na hiyo hiyo ndogo. Na ukifika mlangoni, mwanangu, sema mapema. Mie sitatoka tena na liwa mikononi kuja kukuamulia kesi."